Makali ya Eburru: Teknolojia ya Vitu Vidogo na Mikutano ya Bonde la Ufa

Elimu ya kutengeneza vitu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, ambayo wahandisi wa leo huigawa katika maikroteknolojia, yaani kazi inayopimwa kwa mikromita au sehemu ya elfu ya milimita, na nanoteknolojia, yaani kazi inayopimwa kwa nanomita au sehemu ya milioni ya milimita, ni elimu iliyolelewa mikutanoni. Hotuba ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko lake ilitolewa na mwanafizikia Richard Feynman tarehe 29 Desemba 1959 katika mkutano wa chama cha wanafizikia wa Marekani huko California, na jina lenyewe la nanoteknolojia lilitumiwa kwa mara ya kwanza na Norio Taniguchi wa Japani mbele ya wahandisi wa uzalishaji waliokutana Tokyo mwaka 1974. Jambo hilo halishangazi, kwa kuwa kazi ya aina hii humtaka fundi apate malighafi safi kutoka mahali pamoja, vifaa kutoka mahali pengine, na maarifa kutoka kwa watu ambao huenda asingewafahamu kamwe kama wasingekusanyika naye chini ya paa moja.

Katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Elmenteita, Nakuru na Njoro, sharti hilo la kukutana lilikuwepo maelfu ya miaka kabla ya maabara za kisasa. Eneo hili, ambalo wasomaji wengi hulifahamu kwa flamingo wake, mashamba yake ya ngano na maua na visima vyake vya mvuke wa ardhini, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako makali yanayopimwa kwa nanomita yametengenezwa kwa mkono kwa muda mrefu zaidi, na historia ya ufundi huo haiwezi kutenganishwa na historia ya watu waliosafiri ili kuupata, kuubadilishana na, katika karne ya ishirini, kuujadili.

Malighafi ya ufundi huo ni obsidiani, kioo cha asili kinachotokea pale ambapo lava yenye silika nyingi hupoa upesi kiasi kwamba chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga katika fuwele. Kwa kuwa ndani yake hamna punje wala mishipa, jiwe hili likigongwa hupasuka kama chupa nene, kwa mpasuko uliopinda mfano wa ganda la kombe, na pale nyuso mbili za mpasuko zinapokutana hubaki ukingo ambao, ukitazamwa kwa hadubini ya elektroni, huonekana kuwa na unene wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu hufikia nanomita 80,000 hivi, na wembe wa chuma uliotiwa makali kiwandani huonekana chini ya hadubini hiyo hiyo kuwa na meno meno kama msumeno. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari wa upasuaji wa nyakati zetu wamejaribu visu vya obsidiani katika kazi zinazotaka mkato usioparuza. Mlima Eburru, unaosimama kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Elmenteita, una jiwe hili kwa wingi, na vivyo hivyo Olkaria, kreta ya Sonachi na kingo nyingine za bonde la Naivasha, ambako hata leo mtembezi huweza kuliona liking'aa katika miteremko iliyokatwa na mvua.

Kulifanya jiwe hilo kuwa chombo si jambo la nguvu bali la kipimo. Fundi huanza kwa kuliondoa gamba lililochakaa, kisha hutayarisha upande mmoja uwe bapa ili upokee pigo, akabaki na kiini, yaani jiwe mama ambalo vipande vitatolewa ubavuni mwake. Akigonga karibu mno na ukingo, kipande hutoka kifupi na dhaifu. Akigonga mbali mno, kiini hupasuka na kazi yote hupotea. Akipata pembe sahihi, huchomoka ubapa mrefu mwembamba wenye makali pande mbili, na pigo linalofuata hufuata mgongo ulioachwa na la kwanza. Bapa hizo huvunjwa vipande, na upande mmoja wa kila kipande hufutwa makali kwa kubanduliwa kidogo kidogo hadi uwe butu, ili gundi ya utomvu ishike na mpini usipasuke. Matokeo yake ni maikrolithi, vijiwe vyenye umbo la hilali au pembetatu, ambavyo vingi havizidi urefu wa kiungo cha kidole, na ambavyo vilipangwa safu moja katika mshale au kisu kiasi kwamba kimoja kikivunjika, hicho peke yake ndicho hubadilishwa. Wazo hilo la chombo kikubwa kinachoundwa kwa sehemu ndogo zinazofanana na zinazoweza kupeana nafasi ni wazo la kihandisi kwa maana kamili ya neno, na mwandishi yeyote anayeiita enzi hiyo kuwa ya watu wasio na teknolojia hajawahi kukishika kijiwe kimoja cha aina hiyo mkononi.

Safari za jiwe hili zilianza mapema sana. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, baadhi ya mashoka ya mkono ya kale mno yalichongwa kwa obsidiani, lakini hapo fundi hakuwa mbali na malighafi. Mabadiliko yanaonekana Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takribani miaka 300,000 iliyopita watu walikuwa wakitumia obsidiani iliyotoka kilomita 25 hadi 50 na wakati mwingine mbali zaidi, umbali ambao si wa matembezi ya siku moja ya kutafuta chakula. Katika pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, vimepatikana vipande vya Zama za Mawe za Kati vilivyotoka bonde la Naivasha, zaidi ya kilomita 300 kaskazini. Hakuna haja ya kudhani kwamba mtu mmoja alitembea njia hiyo yote. Lililo dhahiri ni kwamba jiwe lilipita mikononi mwa watu waliojuana, na kwamba mtu aliyelipokea mwisho alijua thamani yake kwa kuwa aliyempa alimwonyesha.

Ushahidi mzito zaidi wa mahusiano hayo uko Enkapune ya Muto, pango lililo katika ukingo wa Mau magharibi mwa Naivasha, ambalo lilichimbwa na mwanaakiolojia Stanley Ambrose. Katika tabaka zake zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000 mna obsidiani iliyochongwa kwa mtindo wa Zama za Mawe za Mwisho, na katika tabaka za karibu na umri huo mna shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pamoja na ganda lililovunjika wakati wa kutobolewa. Ambrose amezifananisha shanga hizo na zile ambazo Wasan wa Kalahari hupeana kama ahadi ya urafiki kati ya jamaa wanaoishi mbalimbali, ahadi ambayo humwezesha mtu aliyepatwa na ukame kwenda kwa rafiki na kupokelewa. Tafsiri hiyo haiwezi kuthibitishwa kama hesabu, lakini inastahili kuaminiwa kuliko ile inayoziona shanga kuwa mapambo tu, kwa sababu katika Bonde la Ufa, ambako mvua ya mwaka mmoja haimwambii mtu chochote kuhusu mvua ya mwaka ujao, jamii isiyo na marafiki ng'ambo ya mlima ni jamii iliyo hatarini.

Walipofika wafugaji katika nyika hizi, miaka 3,000 hivi iliyopita, biashara ya obsidiani haikufifia bali ilipangika. Wanaakiolojia hutofautisha makundi mawili makubwa ya wafugaji wa zama hizo: wale wa Neolithiki ya Kifugaji ya Savana, waliotegemea zaidi mawe ya bonde la Naivasha, na wale wa Elmenteitani, utamaduni uliopewa jina la Elmenteita, waliopendelea kwa namna isiyoyumba obsidiani ya kijani kutoka sehemu za juu za Mlima Eburru. Waelmenteitani walizika kwa kuchoma maiti, na katika pango la Mto Njoro, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938, yalipatikana mabaki ya takribani watu 80 pamoja na mabakuli ya mawe, michi, shanga za mawe na chombo cha mti kilichonakshiwa ambacho moto ulikigeuza mkaa na hivyo kukiokoa na kuoza. Bapa zao ni ndefu, zenye umbo moja, na za jiwe lile lile hata zinapopatikana Gogo Falls, karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya kilomita 200 kutoka mlimani. Makundi hayo mawili yaliishi bega kwa bega kwa karne nyingi, yakachunga katika bonde moja, na bado kila moja likashikilia mlima wake na wenzake wa kubadilishana nao. Chuma kilipoenea, miaka takribani 1,200 iliyopita, biashara hiyo ilikoma.

Mlima wa Hyrax, kilomita chache kutoka katikati ya Nakuru, huonyesha jinsi makazi yalivyoendelea kurundikana mahali pamoja hata baada ya hapo: makaburi ya enzi ya mawe, mashimo ya makazi ya watu wanaoitwa Wasirikwa, na mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe, ambazo ziko wazi hadi leo kwa yeyote anayepanda kilima hicho. Mary Leakey alikichimba kuanzia mwaka 1937, kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na nyumba ya familia ya Selfe iliyomiliki shamba hilo ikawa makumbusho mwaka 1965.

Kwamba kilima cha aina hiyo kilikuwa shamba la walowezi si jambo la kupita nalo haraka. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao ya Naivasha na Nakuru ili ardhi igawiwe walowezi. Louis Leakey alipoanza uchimbaji wake mwaka 1926, maeneo aliyoyachimba yalikuwa na majina ya wenye mashamba. Pango maarufu kuliko yote karibu na Elmenteita likaitwa Gamble, kwa jina la mlowezi, na ufundi wa vijiwe uliopatikana humo ukaitwa Kapsia ya Kenya, kwa kuufananisha na ufundi wa Gafsa nchini Tunisia. Kazi ya mikono, tangu kuchimba hadi kuchekecha udongo, ilifanywa kwa sehemu kubwa na Waafrika, na aliye mashuhuri kati yao, Heslon Mukiri, alifanya kazi na Leakey kwa miongo kadhaa na kufikia ustadi ambao wataalamu wa kigeni waliutegemea.

Januari 1947 ufundi huu wa vitu vidogo ulipata mkutano wake mkubwa wa kwanza katika Afrika Mashariki. Leakey, akiwa katibu mwandalizi, aliitisha Nairobi Kongamano la Kwanza la Afrika Nzima kuhusu Historia ya Kale, chini ya urais wa Abbé Henri Breuil wa Ufaransa, padri aliyekuwa bingwa wa sanaa ya mapangoni, na kati ya waliohudhuria walikuwapo Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford na Robert Broom wa Afrika Kusini. Shughuli zake hazikuishia ukumbini: wajumbe walipelekwa uwandani, na Olorgesailie na Kariandusi ziliandaliwa na kufunguliwa kama makumbusho ya wazi, ambamo zana ziliachwa pale pale zilipolala ili mtazamaji aone zilivyotawanyika. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa maana zana iliyotolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari yake, na wataalamu waliokuwa wakibishana kwa barua tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walilazimika kusimama mbele ya mawe yale yale na kusema wanaona nini.

Kongamano hilo lilikusudia kuwapa wataalamu wa bara zima lugha moja ya kupanga nyakati. Kwa imani iliyotawala wakati huo kwamba vipindi vya mvua nyingi vya Afrika vililingana na vipindi vya barafu vya Ulaya, lilipokea mfuatano wa majira ya mvua yaliyopewa majina ya mahali, na Bonde la Ufa la kati likapata sehemu ya heshima: kipindi cha mwisho kikaitwa Gambliani, kwa pango la Gamble, na vipindi viwili vidogo vya unyevu vilivyofuata vikaitwa Makaliani, kwa mto Makalia unaoingia Ziwa Nakuru, na Nakurani, kwa ziwa lenyewe. Kwa takribani miaka 20, mwanafunzi wa akiolojia popote Afrika, hata aliyechimba mbali kabisa na ikweta, alipanga zana zake kwa majina ya vijito na mapango ya wilaya moja ya Kenya.

Majina hayo yaliporomoka kwa njia ile ile yaliyopandia, yaani kwa watu kukutana na kulinganisha ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajiolojia H. B. S. Cooke na Richard Foster Flint walionyesha kwamba mabadiliko ya ardhi katika bonde linalopasuka na kuzama yanaweza kuinua au kushusha ziwa bila mvua kubadilika, na kwamba kulinganisha ziwa moja na jingine kwa kimo cha fukwe zake peke yake ni kubahatisha. Mwaka 1965 wataalamu waliokutana Burg Wartenstein nchini Austria walipendekeza mfumo huo uachwe. Matokeo ya upimaji wa umri kwa kaboni yalipochapishwa, mwaka 1972, ilidhihirika kwamba Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita ziliwahi kuwa ziwa moja lenye kina cha takribani mita 180, lakini miaka kama 10,000 iliyopita tu, na maji yake yalifika karibu na pango la Gamble, ambalo mafundi wa vijiwe walilikalia. Wakazi wa Nakuru ambao katika miaka ya karibuni wameliona ziwa likipanda na kumeza malango na barabara za hifadhi watalielewa jambo hilo kwa urahisi kuliko msomaji wa mahali pengine.

Mikutano yenyewe nayo ilibadilika. Kongamano la pili lilitazamiwa kufanyika Afrika Kusini, lakini serikali ya nchi hiyo ilijiondoa, likahamia Algiers mwaka 1952. Yakafuata ya Livingstone, Léopoldville na miji mingine, kisha Addis Ababa mwaka 1971, na mwaka 1977 kongamano la nane likarudi Nairobi, katika nchi iliyokwisha kuwa huru. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1980, zilihaririwa na Richard Leakey pamoja na mwanahistoria Bethwell Ogot, na ndani yake Ambrose na wenzake walitoa hoja kwamba ule ufundi wa vijiwe ulioitwa Kapsia ya Kenya hauna uhusiano wowote na Tunisia, kwamba ulikua papo hapo kuzunguka maziwa ya Bonde la Ufa, na kwamba unastahili kuitwa Eburrani. Hivyo miaka 30 baada ya Breuil na Leakey kuwakusanya wataalamu, mlima uliotoa malighafi ulipata nafasi yake katika jina la ufundi. Hilo si badiliko dogo, kwa sababu jina la zamani liliwafanya mafundi wa Elmenteita kuwa wanafunzi wa watu wa kaskazini, na lile jipya liliwarudishia uvumbuzi wao.

Hatua iliyofuata ililetwa na kemia. Kila mlipuko wa volkano hutoa kioo chenye mchanganyiko wake wa madini, kwa hiyo kipande kidogo cha obsidiani hubeba alama ya mahali kilipozaliwa, na mwaka 1984 Harry Merrick na Francis Brown walichapisha uchunguzi uliotenganisha vyanzo vingi vya Kenya na kaskazini mwa Tanzania na kuonyesha ni makazi yapi yalichukua jiwe kutoka wapi. Kabla ya hapo, habari za biashara ya jiwe hili zilikuwa makisio yenye hekima; baada ya hapo, mtu aliweza kuokota kijiwe cha hilali huko Nyanza na kusema kwa uhakika kilitoka mteremko gani wa Eburru. Gogo Falls, ambayo Peter Robertshaw aliichimba katika miaka ya 1980, ilichimbwa tena na Karega-Munene, mwanaakiolojia Mkenya, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 kiliwachunguza kwa pamoja wawindaji, wavuvi na wafugaji wa magharibi mwa Kenya.

Kwenye mwanzo wa njia ya jiwe hilo, juu ya Mlima Eburru, liko chimbo la Waelmenteitani ambalo Steven Goldstein na John Munyiri, wa pili akiwa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliandika kulihusu mwaka 2017. Pale pana marundo ya mabaki ya kazi, viini vilivyoharibika na vibanzi vya kutayarishia, ishara kwamba jiwe lilichongwa kwanza mlimani ili mzigo upungue kabla ya safari. Kutokana na ushahidi wa chimbo na wa makazi yaliyo mbali nalo, watafiti hao walidai kwamba halikuonekana kuwa mikononi mwa ukoo mmoja uliowauzia wengine, bali wafugaji wa mtandao mzima wa Elmenteitani walikuwa na haki ya kulifikia. Dai hilo likisimama, basi huko juu, kwenye baridi, mafundi waliotoka ukingo wa Mau, nyika za Nakuru na pengine mwambao wa Nyanza waliketi karibu karibu wakigonga jiwe moja, kila mmoja akimwona mwenzake anavyotayarisha kiini chake, na kufanana kwa bapa zao katika eneo la zaidi ya kilomita 200 hakuhitaji maelezo mengine.